Kurusha mpira kwa nyambizi katika besiboli: mwongozo kwa wanaoanza Mtwara na Lindi

Kila kundi jipya la vijana likija mazoezini hapa Mtwara, maswali kuhusu nyambizi, yaani kurusha mpira ukiuachia chini badala ya juu ya bega, ni yaleyale. Kocha, nikirusha kwa chini mwamuzi atakubali? Hii si ile ya softiboli? Mbona mpira unapanda juu? Mbona kiuno kinauma? Wa Lindi na Masasi wakipiga simu, wanauliza hayohayo. Nimeyaweka mahali pamoja ili anayeanza apate pa kushika.

Mawili nayajibu papo hapo. Inaruhusiwa kabisa. Enzi za mwanzo za mchezo huu Marekani, warushaji walilazimishwa kurusha kwa chini, na Ligi ya Taifa ya kule iliruhusu mkono kupita juu ya bega mwaka 1884. Na hapana, si ile ya softiboli, mchezo ndugu wa besiboli. Softiboli mkono unazunguka mzunguko mzima na kupita karibu na paja, huku mwili umesimama wima. Nyambizi ni mrusho wa kawaida wa besiboli, ila kiwiliwili kimelazwa ubavu. Shika hili kabla ya lingine lolote: kinachoshuka ni kiwiliwili. Mkono wenyewe unabaki palepale ulipozoea, sawa na mstari wa mabega. Karibu matatizo yote ninayoyaona yanatoka kwa mtu anayesimama wima halafu anauteremsha mkono peke yake.

Na usidhani ni staili ya walioshindwa. Dan Quisenberry wa Kansas City Royals hakuwa na kasi ya kutisha, lakini kati ya 1980 na 1985 aliongoza ligi yake mara tano kwa kuingia mwishoni mwa mechi na kulinda ushindi. Kent Tekulve alicheza zaidi ya mechi 1,000 za ligi kuu ya Marekani akirusha hivihivi. Mjapani Shunsuke Watanabe, aliyeachia mpira sentimita chache tu kutoka ardhini, alikuwemo katika vikosi vya Japani vilivyotwaa ubingwa wa dunia 2006 na 2009. Mpigaji anazoea mpira unaoshuka kutoka juu. Ukimletea unaotoka usawa wa ugoko wako, macho yake yanaanza kazi upya.

Nani asubiri kwanza

Kama bado hujaweza kurusha kwa juu ukampata mwenzako kifuani mara nyingi kuliko unavyomkosa, rudi huko kwanza. Kama kiwiko au bega linauma leo, usianze leo. Na watoto wa chini ya miaka 13 mimi siwafundishi staili hii. Nawaacha warushe kawaida mpaka miili ikomae kidogo.

Unavyohitaji

- Mpira. Wa besiboli halisi una uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzingo wa sentimita 23 hivi. Kwetu ni adimu, kwa hiyo kama mnao mmoja au miwili itunzeni kwa hatua za mwisho. Hatua za mwanzo fanyeni kwa mipira ya tenisi. Msijaze soksi mchanga mkaita mpira: uzito ule unaumiza kiwiko.
- Glavu. Wakati mwingine inaonekana kwenye mitumba, watu wakiwa hawajui ni ya nini.
- Gunia la korosho lililochakaa. Msimu wa korosho ukipita halikosekani. Litundike kwenye tawi la mwembe au mkorosho, ulichoree kwa chokaa kisanduku cha upana wa sentimita 43, ambao ndio upana wa besi ya nyumbani, kile kibao anachosimama pembeni yake mpigaji. Urefu wake uanzie usawa wa goti la mpigaji hadi katikati ya mkanda na mabega. Hilo ndilo eneo la straiki: mpira ukipita humo unahesabiwa mzuri hata mpigaji asipougusa.
- Kamba ya nailoni ya wavuvi, mita 20. Ifunge mafundo kwenye mita 9, 12, 15 na 18.44. Hilo la mwisho ndilo umbali kamili wa mrushaji kwa watu wazima.
- Viatu vyenye soli inayoshika. Ndala hapana, na peku kwenye ardhi ngumu hapana.
- Mwenzako mmoja, na maji ya kunywa ya kutosha.
- Kofia ngumu ya mpigaji, siku mtakapoweka mpigaji. Siyo kabla ya hapo.

Kuhusu mahali: mchanga laini wa pwani haufai kwa kurusha kwa nguvu. Mguu wa mbele unazama, goti linajipinda. Tafuteni uwanja mgumu ulio tambarare. Mkitaka tuta la mrushaji, kile kilima kidogo anachorushia, lile la kanuni lina kimo cha sentimita 25, na udongo wa kichuguu uliopondwa, ukalowanishwa na kushindiliwa, unashika vizuri sana. Lakini anayeanza nyambizi aanzie chini, bila tuta. Ule mteremko unamvuta mbele kabla hajajua kuinama.

Muda ni asubuhi mapema au baada ya alasiri jua likipoa. Mwezi wa Ramadhani waliofunga nawaachia hatua ya 2, 3 na 4 tu. Kurusha kwa nguvu kunasubiri.

Maelekezo yote hapa chini ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto geuza.

Hatua kwa hatua

1. Pasha mwili moto, hasa nyonga. Kimbia polepole mpaka jasho litoke. Zungusha mabega. Kisha panua miguu, weka mikono kiunoni, na uiname mbele ukikunja nyonga huku mgongo umenyooka, kama mtu anayechukua ndoo akijali mgongo wake. Rudia mara kumi. Mkunjo huu wa nyonga ndio utakaotumia mpaka mwisho, kwa hiyo usiupitie juujuu.

2. Rusha vijiwe majini. Hii siyo mchezo wa kupoteza muda. Nenda Mikindani au Shangani maji yakiwa yametulia, chagua kijiwe bapa, kirushe kiruke-ruke juu ya maji. Angalia mwili wako unavyofanya bila kuambiwa: unainama, kiwiko kinatangulia, kiganja kinafuata kikiwa chini, na unamalizia umegeuka mzima kuelekea baharini. Mtoto wa pwani anayo nusu ya nyambizi mkononi tayari. Kilichobaki ni hatua ya mguu na shabaha. Rusha taratibu tu, na hakikisheni hakuna anayeogelea mbele yenu.

3. Inama ukiwa ubavu, kisha geuka. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kaa hapa muda mrefu. Simama ubavu: bega la kushoto linaelekea kwa mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, na kifua kinatazama upande wa besi ya tatu, ulio kulia kwako ukimkabili mdakaji. Mikono yote miwili iko kwenye glavu, mbele ya kifua. Sasa kunja nyonga na uiname mbele, kuelekea hukohuko besi ya tatu, mpaka kifua kianze kutazama ardhi. Mgongo usijikunje. Halafu, bila kunyanyuka, geuza kiuno na mabega kumkabili mdakaji.

Simama hapo ulipofika ujitazame. Kiwiliwili kimelala upande wa kulia chenyewe. Hukukilaza wewe, ulichofanya ni kuinama mbele na kugeuka. Bega la kulia liko chini, la kushoto liko juu. Nyoosha mkono wa kulia sawa na mstari wa mabega hayo: kiganja kiko karibu na ugoko. Hivyo ndivyo mkono unavyokuwa chini bila bega kuteseka.

Kosa la wengi ni kusimama wima wakimkabili mdakaji halafu wakajipinda ubavu kwa mbavu. Hapo mgongo wa chini ndio unaolia. Ukisikia kubanwa juu ya mfupa wa nyonga, anza upya kutoka ubavu.

Fanya bila mpira mpaka mwenzako anayekutazama aache kukusahihisha.

4. Weka hatua ya mguu, usome nyayo zako. Nyanyua goti la kushoto, anza kuinama wakati goti linashuka, na peleka mguu mbele kuelekea kwa mdakaji. Urefu wa hatua anza na nyayo zako tano, ukipimia unyayo kwa unyayo kutoka mguu wa nyuma. Goti la mbele likunjike vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya kushuka kwako inatoka kwenye miguu.

Hapa pwani inatusaidia. Bahari ikikupwa, ule mchanga mbichi ulioshikana unaweka alama ya kila ulichofanya. Chora mstari mmoja mrefu kwa kidole kutoka kisigino cha nyuma mpaka alipo mdakaji. Rusha mkono mtupu, kisha toka pembeni ukatazame. Unyayo wa mbele unatakiwa uwe juu ya mstari au ugusane nao. Ukiwa umevuka sana kuelekea besi ya tatu, umejifungia njia: kiuno hakiwezi kugeuka, mkono utalazimika kufanya kazi peke yake. Ukiwa umekwenda upande wa besi ya kwanza, umejifungua mapema. Tazama na mguu wa nyuma: unapaswa kuacha mchoro wa kidole gumba kikiburuzwa, umepinda kidogo. Ukikuta kishimo tu, bila mburuzo, uzito wako ulibaki nyuma.

Kwenye mchanga huo usitumie mpira wa ngozi. Maji ya chumvi yanauua.

5. Shika mpira. Tafuta mahali mishono miwili inapokaribiana. Laza kidole cha shahada na cha kati juu ya mishono hiyo kwa urefu, dole gumba chini yake, na uache nafasi ndogo kati ya mpira na kiganja. Usiubane kama unaogopa utaibiwa. Mkono ukiwa na jasho, pangusa kwenye suruali, kisha gusa vumbi kavu kidogo mazoezini. Huu ndio mpira wa kuzama, na kwa mwaka wako wa kwanza ndio pekee unaouhitaji.

6. Tenganisha mikono na umpe kiwiko uongozi. Mguu wa mbele ukiwa unaenda, mikono inaachana. Wa kulia unashuka na kwenda nyuma, lakini usiufiche nyuma ya makalio. Ukienda mbali kule utachelewa kurudi. Mguu ukishatua, kiuno kinageuka, bega linafuata, kiwiko kinafuata bega, kiganja cha mwisho. Kiwiko kikibaki nyuma ya mstari wa mabega huku kiganja kimeshatangulia, unasukuma mpira badala ya kuurusha.

7. Achia mpira mbele ya goti. Wakati wa kuachia, kiganja kinamtazama mdakaji, vidole vimeelekea chini na nje, dole gumba liko upande wa juu. Vidole viwili ndivyo vya mwisho kuugusa. Ukifanya hivyo mpira unajizungusha kwa kujipindua mbele, na ndiyo sababu unazama ukikaribia besi na kukimbilia upande wa mkono wako.

Urefu wa kuachia kwa anayeanza ni usawa wa goti. Inatosha kabisa. Vijana wakishaona picha za Watanabe wanataka vidole viguse ardhi, wanarudi nyumbani vifundo vya vidole vimechubuka na mpira haujafika popote. Yule alishuka kwa miguu na nyonga zilizofanyiwa kazi miaka mingi. Usiifuate ardhi kwa mkono.

8. Malizia. Mkono uendelee wenyewe, ukipanda kuelekea bega la kushoto. Mguu wa nyuma uje mbele, utue sambamba na mwingine, glavu iwe mbele ya kifua. Wewe ndiye uliye karibu na mpigaji kuliko wenzako wengi, na mpira unaozama unapigwa chini, unarudi kwako. Anayemalizia amegeuka kutazama pembeni atapigwa mguuni.

9. Songa kwa mafundo ya kamba. Anza mita 9 na mpira wa tenisi, ukilenga gunia. Nusu ya nguvu. Ukiona mipira sita kati ya kumi inaingia kwenye kisanduku, nenda mita 12. Kisha 15, na hapo ndipo utoe mpira wa besiboli, mdakaji akiwa na glavu. Mita 18.44 ziwe za mwisho. Anayeruka fundo hurudi mwenyewe, kwa sababu umbali ukimzidi anaanza kunyanyuka kwenye mrusho ili aongeze nguvu, na kazi yote ya hatua ya 3 inapotea.

Upepo wa kusi ukivuma, pangeni gunia ili upepo uwe nyuma yenu au usoni. Ukija wa ubavu hutajua kama mpira umepinda kwa vidole vyako au kwa kusi.

10. Hesabu mirusho. Kila siku, bila kukosa, mwenzako ahesabu kwa sauti. Miongozo ya Marekani inaweka ukomo wa mirusho 95 kwa siku ya mechi kwa mwenye miaka 13 hadi 16, na 85 kwa wa miaka 11 na 12, na wakirusha mingi wanapumzika siku kadhaa kabla ya kurudi. Huo ni ukomo kwa aliyezoea. Wewe unayeubadilisha mwili wako, ishia mirusho 30 ya mpira halisi, na kesho yake usirushe. Watu wanasema nyambizi haiumizi mkono. Usiwaamini moja kwa moja. Kiwiko kinachoka, na kiuno na nyonga vinachoka hata zaidi.

Kabla ya kuweka mpigaji

Agosti 1920, Carl Mays wa New York Yankees, aliyerusha kwa nyambizi, alimpiga kichwani Ray Chapman wa Cleveland. Chapman alifariki kesho yake. Wapigaji wa wakati ule hawakuvaa kofia ngumu, na mpira ulikuwa umechafuka hauonekani vizuri. Mpira wa nyambizi unamjia mpigaji kutoka mahali asipopatazama, basi nisikilizeni vizuri: hakuna kofia, hakuna mpigaji. Mpira uliogeuka rangi ya udongo usafisheni au muuweke pembeni, na giza la magharibi likianza kuingia, fungeni mazoezi.

Ukikwama

*Mpira unapanda juu ya gunia.* Unanyanyuka mapema. Kifua kibaki juu ya goti la mbele mpaka usikie mpira umegonga gunia. Mwenzako anaweza kushika fimbo kwa ulalo juu ya mgongo wako, mkianza taratibu, ukinyanyuka, unaigusa.

*Unakwenda kulia kila mara.* Bega la kushoto linafunguka kabla mguu haujatua, mkono unachelewa. Rudi kwenye mstari wa mchangani.

*Unakwenda kushoto kila mara.* Umeung'ang'ania. Uachie mapema kidogo.

*Hauzami, unaelea tu.* Tazama vidole. Mara nyingi kiganja kimegeukia angani kama unaomba kitu, mpira unatoka ukiwa umelala kiganjani. Rudi mita 9, chora mstari mmoja wa kalamu kuzunguka mpira wa tenisi katikati ya vidole vyako viwili. Ukirusha vizuri mwenzako anauona mstari umetulia. Ukiyumbayumba, vidole vinateleza pembeni.

*Kiwiko kinauma kwa ndani.* Acha kurusha siku hiyohiyo. Kikiendelea kuuma baada ya mapumziko ya siku kadhaa, nenda hospitali, usikandwe tu nyumbani. Ukirudi, omba mtu akutazame kutoka mbele: karibu kila mara utakuta kiwiliwili kimesimama na mkono ndio ulioteremshwa.

*Kiuno kinauma.* Hatua ya 3, kutoka mwanzo, bila mpira.

*Sina kasi.* Staili hii haikupi kasi na huhitaji kuidai. Lenga sehemu ya chini ya kisanduku, magotini, na uwaache waupige chini kwa wenzako walio nyuma yako.

*Wapigaji wa kushoto wananipiga sana.* Ni kweli, wanakuona vizuri zaidi, maana mpira unaanzia upande wanaoutazama. Wa kulia unamtokea kama kutoka nyuma ya mgongo wake. Kwa wa kushoto, weka mpira chini na nje, mbali na mwili wake, na usirudie sehemu moja mara mbili mfululizo. Baadaye utataka mpira wa pili, slaida, ambao kwa nyambizi hauzami kama mwenzake na mpigaji anauona kama unapanda. Huo subiri mpaka wa kuzama uingie kwenye kisanduku ukiwa umechoka.